Droni ya Shela haifiki Mpeketoni

Kuna kijana wetu wa hapa Amu, yaani mji wa Lamu, yuko chuo kikuu bara, anasoma jiografia, sasa mwalimu wao kawapa kazi: kila mtu achague kitu kimoja cha utamaduni wa mtaani, wimbo, filamu, katuni, fulana, tangazo la soda, chochote, halafu aeleze kinafichua nini kuhusu mahali na watu wake. Yeye kachagua klipu ya bongo flava ilopigwa kwa droni Shela, kijiji cha watalii hapa kisiwani, akaileta barazani apate mawazo mawili matatu, akapata vita. Upande mmoja wakasema klipu ni uongo mtupu, huwezi kumjua mtu wa Lamu kwa kumwangalia mwimbaji wa Dar kavaa kanzu ya kukodi kalala kwenye mashua. Upande wa pili wakasema hata uongo una kwao, ukiufuata utafika mlangoni kwa mtu.

Mi naona wote wana haki yao lakini si sawasawa, na nataka nizipime hizo pande mbili kwa vitu nnavyovijua, vya hapa na vya Malindi, maana ukisema Pwani tu mtu wa bara anadhani ni kijiji kimoja kirefu kutoka Vanga mpaka Kiunga.

Haya, wa uongo kwanza. Chukua hiyo klipu au nyingine yoyote, maana zimefanana kama leso za doti moja: mlango wa nakshi, punda, jahazi limefungua tanga, mchanga mweupe, mzee wa kofia anacheza bao, jua linazama, basi. Hujawahi kufika utadhani Kaunti ya Lamu yote ni mawe na upepo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 kaunti nzima, na Lamu Mashariki, yaani Pate, Faza, Kizingitini, Kiunga na huko kote, walikuwa 22,258 tu, waliobaki wote ni Lamu Magharibi, ambayo ndani yake upo huu mji wetu na Shela ndio, lakini pia kuna Hindi, Witu na Mpeketoni, nchi kavu, mahindi, pamba, korosho, ufuta. Mpeketoni ilianza kukua miaka ya 1970 serikali ilipofungua skimu ya Lake Kenyatta, watu wakaja kutoka bara wakapewa mashamba, sa hivi kuna wajukuu wamezaliwa pale hawajui kwingine, ni watu wa Lamu kwa kila karatasi, na ijumaa usiku wao wanacheza mugithi, gitaa la Wakikuyu, sio taarab. Mi sijaona klipu hata moja ya mapenzi ya Lamu yenye shamba la pamba nyuma ya wapendanao.

Bandari nayo haimo. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 upande wa Kililana, na kabla ya hapo, 2018, Mahakama Kuu ilishaamua wavuvi zaidi ya elfu nne walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa jinsi ujenzi ulivyoharibu mahali pao pa kuvulia. Hiyo ndo habari kubwa ya bahari yetu kwa miaka yote hii, watu wamekesha kwa ajili yake, watu wamegombana kwa ajili ya majina kwenye orodha, na bahari ya kwenye klipu kazi yake ni kuogelewa. Pikipiki vilevile, kila mgeni husema Lamu hakuna magari ni punda tu, basi mpiga picha anangoja bodaboda ipite kwanza ndo abonyeze.

Mpaka hapo niko nao. Lakini wanaponiambia kwa hiyo klipu haina la kutufunza hapo mi nawaacha, kwa sababu huo uchaguzi wa nini kionekane na nini kisionekane haukuanza na droni wala haukuanza Dar. Mji huu wazee wetu walikuwa wanauhesabu nusu mbili, Mkomani na Langoni. Mkomani kaskazini kuna majumba ya mawe, zidaka (vishubaka vya nakshi) ukutani, daka la mlango, ndo kwa waungwana. Langoni kusini kwa muda mrefu palikuwa na nyumba za udongo na makuti, wageni, Wahadhrami wa Yemen waliokuja na mzigo begani, Wangazija, watumwa na watoto wa watumwa, na utumwa wenyewe pwani hii ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka 1907. Sasa angalia Mji wa Kale ulipoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, kilichotangulizwa mbele ni majengo, mawe ya matumbawe na boriti za mikoko (Maulidi yalitajwa pia, haki yao tuwape). Angalia hoteli za Nairobi zinapotaka kujipamba "kilamu", zinajenga zidaka na kuweka kitanda cha kizamani, hakuna inayojenga banda la makuti la Langoni. Na mwenye klipu naye akija anaweka kamera yake pale pale. Yaani jicho la kamera limerithi jicho la muungwana, bila hata mwenyewe kujua, yeye anadhani anafuata uzuri tu.

Hilo si jambo dogo jamani. Klipu imekupa historia ya tabaka za mji mzima, sharti uiulize swali sahihi, yaani usiulize je hii ni kweli, uliza mbona kamera iligeuka ilipofika pale.

Halafu linganisha na kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya mgeni. Maulidi ya msikiti wa Riyadha. Habib Swaleh, sharifu mzaliwa wa Ngazija, alikuja hapa karne ya 19 akawasomesha hao hao watu ambao wakubwa wa mji walikuwa hawana haja nao, na Maulidi yakasomwa na matari yanapigwa, jambo ambalo baadhi ya wakubwa walilichukia wazi. Leo Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ukiingia mji unajaa mpaka watu wanalala mabarazani, wamekuja kutoka Unguja, Tanga, Ngazija, Malindi, vijiji vyote vya visiwani, kuna mbio za punda, mashindano ya mashua, bao, na usiku pale uwanjani unaona safu ya wanaume wameshika bakora, kanzu nyeupe, wanainama kidogo pamoja wanainuka pamoja, pole pole hivi, bakora zote zinaenda upande mmoja, na ukikaza macho utaona kwenye safu moja kuna mjukuu wa muungwana bega kwa bega na mjukuu wa mtu ambaye babu yake hakuwa na ruhusa ya kuvaa viatu mbele ya babu ya mwenzake. Jumba la makumbusho halikuonyeshi hilo. Sisemi tabaka zimekwisha, jaribu kuposa ndo utajua zimekwisha au hazijakwisha, lakini ile safu inakupa swali zuri kuliko jibu lolote la kitabuni.

Wanaotetea upande wa pili wana hoja yao kali zaidi kwenye taarab, na hapa mi nakubali moja kwa moja. Chukua watu wawili. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, kafariki 2014, alipendwa Pwani nzima kwa kuchukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyapa maneno ya Kiswahili, mtu anaimba machungu ya mapenzi ya Mombasa na sauti inapanda inashuka kama iko Bombay. Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa hapa Amu, kafariki 2016, yeye kashika udi, ile ala ya nyuzi, na mahadhi yake yanaelekea Yemen na Hadhramaut. Sikiliza kanda ya huyu halafu ya yule, una ramani nzima ya pepo za kaskazi na kusi mbele yako, majahazi yalikuwa yanatoka wapi, yanarudi wapi, nani alioa wapi, bila mtu kukuchorea mstari. Mabibi zetu hawakufika India lakini nyimbo zake walizijua, Nairobi ilikuwa mbali zaidi kwao kuliko Bombay, na ilikuwa mbali kweli, sio kwa maneno, maana mtu alifika Bombay kwa upepo na Nairobi hakukuwa na njia ya maana. Hapa Amu tuna mtaa unaitwa Kashmir, mgeni akisikia anacheka, sisi tumezoea.

Leso pia ni hivyo hivyo ila sitakaa hapo, limeandikwa sana. Niseme tu kwamba maneno yanatungwa kwa Kiswahili, nyingi huchapishwa India, zinauzwa Biashara Street Mombasa, halafu mtu anamvalia jirani yake Langoni ajue kasemwa. Kitambaa kimoja hicho.

Na vitu vya nje vinavyotukosea? Navyo vinasema, ila vinasema zaidi kuhusu waliovitengeneza. Filamu ya katuni ya Disney, The Lion King ya 1994, wachoraji wake walikuja Kenya kuangalia mandhari, Hell's Gate ikiwemo, wanyama wakapewa majina ya Kiswahili, na ndani ya nchi yote ile hakuna binadamu hata mmoja. Mbuga, jua, wanyama, watu hawapo. Mtu akilelewa na hiyo halafu aje aambiwe kuna wafugaji wanataka malisho kwenye hifadhi, utamlaumu akishangaa? Na ile hakuna matata nayo ilishazunguka kabla ya hapo: 1982 Them Mushrooms, bendi ya Pwani iliyokuwa ikiwapigia watalii mahotelini, walitoa Jambo Bwana, Boney M wakaichukua wakaipiga kule Ujerumani, baadae Disney wakatoka na wimbo wao mwingine wenye maneno hayo hayo, kisha wakayasajili kama alama ya biashara ya nguo huko Marekani, 2018 watu wakaja juu mtandaoni. Leo pita hapo jetini fulana zenye maneno hayo zimetundikwa, na anayeuza ni kijana wa Pwani, na anayenunua ni mtalii, kama vile 1982 hotelini, ila katikati pesa imezunguka dunia na kwake imebaki faida ya fulana moja. Kama unataka kumfunza mtoto uchumi wa utalii mpe hiyo fulana aishike.

Malindi ndo kitabu kingine kabisa. Kule Wataliano walianza kuja kwa wingi miaka ya 1960 kwa ajili ya ule mradi wa San Marco, mitambo ya kurushia roketi baharini kule Ngomeni, setilaiti ya kwanza kutoka pale ilirushwa 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Wahandisi wakaja, wakawaambia jamaa zao, jamaa wakaja wakajenga, na sa hivi unamkuta bichboi hajamaliza darasa la nane anabishana bei kwa Kitaliano safi, na menyu zina pasta kabla ya pilau. Tuktuk zenyewe nyingi ni Piaggio, jina la Kitaliano, gari linaundwa India, dereva Mgiriama, nyuma kaandika aya au kaandika jina la mchezaji wa Uingereza. Unataka jiografia gani tena.

Lakini hapo Malindi pia ndo unaona hatari ya kusoma mji kwa picha zake maarufu. Kwenye tamthilia za jioni za TV Malindi na Kilifi ni majini, uchawi, mzee wa Kizungu na binti wa miaka ishirini, na kuna mhusika mmoja lazima awe mvivu chini ya mnazi anasema "ati yakhe", anaigizwa na mtu ambaye ulimi wake unajulikana ni wa wapi. Inaudhi. Mtu wangu mmoja wa Malindi akiona hizo anazima TV kabisa, anasema watoto wake wakienda kutafuta kazi bara wataulizwa kama wana majini.

Ila angalia vizuri hizo hizo tamthilia, kisa kikikwama kinakwamuliwa na nini? Hatimiliki. Kuna tajiri ana karatasi, kuna familia iko pale miaka na miaka haina karatasi, mtoto wa huyu anampenda mtoto wa yule. Waandishi wanarudia hicho kisa kwa sababu kinauza, na kinauza kwa sababu ni kweli, sheria ya hatimiliki ya ardhi ya 1908 ya Mwingereza ilimwambia kila mtu Pwani alete madai yake ya shamba yaandikwe, na Wamijikenda wengi mno wakabaki nje ya vitabu, Malindi ikiwa ya kwanza kwanza kupimwa, na mpaka leo mtu anaitwa skwota mahali babu yake alipozikwa. Kwa hiyo tamthilia imekudanganya kuhusu majini na imekwambia ukweli kuhusu ardhi, ndani ya nusu saa ile ile. Utaitupa au utaiweka?

Ndo maana mi huwaambia, kama kweli unataka kusikia jiografia ya huku panda basi la Malindi kwenda Mokowe, pale pa kupandia mashua za Amu, usivae ispika za masikio. Ukitoka Malindi asubuhi dereva kaweka bongo flava, pengine mwanzele ya Wamijikenda, mkifika Garsen wanapanda Wapokomo na Waorma na mtu wa mbele anaomba injili, Witu kuna kubishana, mkielekea Mpeketoni utaskia gitaa la mugithi, na mkikaribia Mokowe kuna shekhe kapanda basi sauti inapunguzwa, inawekwa qaswida. Hakuna aliyetoa amri. Utingo anajua abiria wake ni akina nani kila kilomita, na akikosea anaambiwa papo hapo. Njia hiyo hiyo baada ya mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014 kuna wakati mabasi yalikuwa yakienda kwa msafara na askari, na wakati huo muziki ulikuwa unazimwa kabisa vipande fulani. Kimya nacho kilikuwa kinakwambia uko wapi.

Kuna jambo moja wale wa "uongo mtupu" wanalisahau kabisa na ndo linaloniuma zaidi, kwamba uongo ukikaa sana unajenga nyumba. Shela iliyopigwa picha vya kutosha imekuwa ile Shela ya kwenye picha, majumba meupe, mabwawa ya kuogelea wakati maji matamu ya hapa yanategemea yale yale matuta ya mchanga yanayopigwa picha, kiwanja bei yake mvuvi hawezi hata kuuliza. Vijana wanasuka rasta kwa sababu mtalii anategemea nahodha mwenye rasta. Sasa hapo klipu ni uongo au ni kweli? Ilikuwa uongo mwaka ilipopigwa, imekuwa kweli baadae, na aliyelipia huo ukweli ni mtu mwengine. Wachambuzi wa mjini wanapenda kusema utamaduni wa mtaani ni kioo, mi sikubaliani, kioo hakipandishi bei ya kiwanja.

Upande wa pili nao nina la kuwakosoa, tena hawa ndo wanazungumza kama vile kila kitu kiko mtandaoni sikuhizi ni kukaa na simu tu na kuchambua. Hapana. Miaka ya 1970 hapa Amu uchaguzi ulipiganwa kwa mashairi, mtu anatunga anasoma kwenye kanda, kanda inanakiliwa inapelekwa Pate, Faza, kesho yake jibu limetungwa la upande wa pili, mji mzima unasikiliza. Leo hiyo kazi inafanywa na sauti za WhatsApp, kwa Kiamu cha ndani, mafumbo ambayo hata mtu wa Mombasa anayakosa nusu, na huzikuti YouTube ng'o. Mtafiti akitafuta "muziki wa Lamu" anapata droni.

Na hata hizo za WhatsApp ni nusu ya mji tu. Nusu nyingine haiko popote. Nazungumzia harusi za wanawake, kesha, vugo, siku ya kupamba, nyimbo zinazotungwa pale pale kumchoma shemeji, nani kaleta dhahabu ya kweli na nani kakodi, nani kaja na leso ya jina gani na kakaa karibu na nani. Siasa yote ya ukoo na pesa za mji huu inachezwa mle ndani, na mlangoni kuna mama kashika kikapu anakusanya simu, hata ya bibi harusi wa mwaka jana anaichukua. Wanafanya vizuri kabisa, kila mtu na sitara yake. Ila basi mwanamume akiniletea uchambuzi wa utamaduni wa Pwani kwa kurasa arubaini, kautoa wote kwenye simu, mi nataka aniambie ukurasa wa kwanza kabisa kwamba humo hamna dada yake, hamna mama yake, hamna mkewe.